Shabu ya kromi iingie mwisho

Picha yangu ya kwanza ya emalsheni (jelatini yenye chumvi za fedha zinazonasa mwanga) ya kupaka kwa mkono ilinitoroka ndani ya beseni la kusuuzia. Haikufifia, ilibanduka. Ukingo mmoja ulijikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, mara sura nzima ikaelea juu ya maji na karatasi ikabaki nyeupe chini. Nikailaumu karatasi. Kumbe sikuwa nimeikaza jelatini.

Jelatini tupu hunywa maji baridi ikavimba, na maji yakifika nyuzijoto 35 hivi huanza kuyeyuka. Dawa ya kukazia huifunga minyororo yake pamoja isiachane. Wengi wa zamani walitumia fomalini. Mimi nimeachana nayo: mvuke wake unachoma macho, na inajulikana kuwa inasababisha saratani. Glaioksali ni nafuu, nami huitumia kukazia jelatini ya kutandika kwenye karatasi kabla ya kupaka, ila isiposuuzwa vizuri huacha umanjano. Kwa emalsheni yenyewe nimebaki na shabu ya kromi, chumvi ya madini ya kromi.

Nayo ilinifunza adabu. Mara ya kwanza niliimimina kwenye chombo chote, nikapaka karatasi mbili, nikaenda kula. Niliporudi nilikuta kitu kama mpira. Nikakipasha moto, hakikuyeyuka, na madini yangu yote ya fedha yamo humo! Ndiyo kazi yake: haingoji ufike kwenye karatasi. Siku hizi napima mililita 50 tu za emalsheni, natia mililita 1 ya shabu ya asilimia 5, tone kwa tone huku nikikoroga polepole nisitie mapovu, kisha napaka papo hapo mpaka iishe.

Shabu iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu. Ikiwa sawa, rangi yake ni zambarau. Ukiichemsha hugeuka kijani, na hiyo haikazi vizuri, tengeneza nyingine. Usizidishe kipimo ukidhani ndiyo usalama, maana utando uliokazwa kupita kiasi hupasuka na hauruhusu dawa ya kusafishia picha (ile inayoitokeza) kupenya.

Karatasi ikikauka usiikimbilie. Ugumu huendelea kujijenga ndani kwa siku kadhaa, na mimi huipa wiki. Kila ninapopaka, napaka pia kipande cha majaribio, naandika tarehe nyuma kwa penseli na kukianika pamoja na zingine. Siku ya kazi nakitumbukiza kwenye maji ya nyuzijoto 40 kwa dakika tano, halafu nasugua pembe kwa kidole. Kikiteleza kama bamia, karatasi zinarudi gizani.

Hata kikifaulu, mabeseni yote yawe na joto moja, nyuzijoto 20 au chini kidogo. Kutoka kwenye dawa ya vuguvugu kuingia maji baridi ghafla, niliwahi kupata uso wa bibi arusi wenye mikunjo ya mtu wa miaka tisini.