Jibu: Huduma haiamki umeme ukirudi

Sheikh, umesema seva ya skuli hapo Chake Chake ni FreeBSD (mfumo endeshi), na umeme ukirudi huduma ya maktaba haiamki mpaka uandike onestart (amri ya kuiwasha mara hiyo moja) kwa mkono. Basi jibu limo humo humo: onestart haijali kama huduma imeruhusiwa ndani ya rc.conf (faili la mipangilio ya kuwaka), ila mashine inapowaka hulifuata faili hilo. Ingia kama root (msimamizi mkuu), uandike amri hii ya kuiruhusu huduma ndani ya rc.conf:

sysrc maktaba_enable=YES

Kisha ihakiki kwa service maktaba rcvar.

Tena, tafadhali, tazama mwanzoni mwa skripti yako ya kuwashia huduma kama mna mstari huu:

# REQUIRE: NETWORKING

Rcorder (programu inayopanga zamu za huduma) huusoma ili ijue nani atangulie. Mimi niliukosa nilipokuwa Wete, huduma ikaamka kabla ya mtandao, nikakesha siku mbili natafuta kosa kwenye hifadhidata. Ukishawasha upya, tuletee majibu.