Kopo la Kiwi kwenye koti la babu

SWALI: Shikamoo. Babu mzaa mama alitutoka mwaka jana, juzi ndo tumekaa kugawana nguo zake, kwenye koti lake tukakuta kopo la dawa ya viatu la Kiwi. Ndani hamna dawa, kuna pini tatu, kipande cha mshumaa, mpira mweusi umeviringishwa, na kitu hata sikijui, kibati chembamba urefu kama wa kidole, kwenye ncha kina kiwaya kifupi kama unywele. Mfuko mwingine kulikuwa na kisu cha kukunja, mpini wa mbao una vinyota na mwezi, kimeshika kutu hakifunguki. Mama mdogo anasema takataka hizo tutupe, mi roho inakataa. Vilikuwa vya kazi gani? – Mjukuu, Morogoro

JIBU: Marahaba mjukuu, poleni sana na msiba. Kwanza mwombe mama mdogo asitupe hata kimoja, maana hapo umeshika karakana nzima ya mzee.

Nianze na hicho kibati. Hiyo ni sindano ya stovu ya pampu, zile Primus za Sweden ambazo Frans Wilhelm Lindqvist alianza kuzitengeneza 1892 na zikafika mpaka jikoni kwetu. Stovu ile ukipampu mafuta ya taa yanapanda, yanapata moto njiani yanageuka mvuke, mvuke unatokea kwenye kitundu kidogo mno, sasa kile kitundu kikiziba kwa masizi moto unakuwa wa njano, unafuka moshi, sufuria nyeusi tii na chakula hakiivi. Unachomeka ule unywele, unachomoa, moto unarudi wa bluu na ule mlio wake. Na kilikuwa kitu cha kupotea hicho! Nyumbani kwetu kilipotea mara ngapi sijui, usiku mtoto anatumwa kwa jirani, "mama anaomba sindano ya stovu", na kila mtaa ulikuwa na mzee mmoja ambaye hakosi. Inaelekea mtaani kwenu alikuwa babu yako.

Mpira mweusi ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa ukanda. Unafungia mzigo kwenye keria, unabana bomba linalovuja, unazungushia mpini wa jembe uliopasuka, na masika kuni zikiwa mbichi unakata kidogo tu unawashia moto, unashika hata kama kila kitu kimelowa (moshi wake mbaya lakini, fanyia nje). Mshumaa ni wa zipu inayokwama, unasugua meno yake inateleza, na skrubu ukiipaka kidogo inaingia kwenye mbao ngumu bila kukuumiza mkono.

Pini usiniambie ni ndogo. Mmarekani Walter Hunt aliibuni hiyo ya kujifunga 1849, alikuwa anadaiwa dola 15 akaiuza haki yake kwa dola 400, basi. Ndala ikichomoka kikanda njiani unakirudisha kwenye tundu, unapitisha pini chini yake, unatembea mpaka nyumbani. Kamba ya suruali ikizama ndani unaifunga kwenye pini unaisukuma mpaka itokee upande wa pili. Wazee walitolea hata funza na miiba, wanaipitisha kwenye moto kwanza, ila hilo la funza nakuomba usiige, pini moja kwa watu wengi inaambukiza magonjwa, nenda zahanati.

Kuna jambo moja nataka mlielewe nyie vijana. Babu yako hakubeba hivi kwa ubahili. Vita vya Kagera vimeisha 1979, miaka iliyofuata maduka yalikuwa matupu kabisa, sabuni foleni, nyembe foleni, baba yangu alikuwa anapasua njiti ya kiberiti kwa wembe zipatikane mbili. Mtu aliyepita pale akiona kipande cha tyubu barabarani anaokota, anajua siku itakuja. Mi mpaka leo naumia nikiona watoto wanarusha ndala nzima jalalani kisa kikanda.

Sasa kisu. Vinyota na mwezi hivyo ni Okapi, vilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya makoloni yao Afrika, na sisi tulikuwa mmojawapo, siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Usikilazimishe na bisibisi utavunja. Kiloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi sugua kutu kwa majivu na kitambaa, tone la mafuta ya cherehani pale kinapokunjia, fungua funga taratibu mpaka kilegee. Kunoa huhitaji kununua kitu, geuza kikombe cha kaure, ile duara ya chini isiyong'aa ndo tupa yako, kisugue hapo kwa kukilaza. Kisha chukua chungwa, umenyee mama mdogo, ganda lisikatike.