Kujigonga kidole tu, nikazimia: je, nina kifafa?

SWALI

Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, sinywi pombe, situmii dawa yoyote. Juzi usiku niliamka kwenda kukojoa, sikuwasha taa, nikajigonga kidole kidogo cha mguu kwenye tendegu la kitanda. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Nilikaa kitandani nimekishika, nikamwambia mke wangu si kitu. Baada ya muda kidogo nikainuka ili nikakitazame kwenye mwanga. Nilipofika mlangoni jasho la baridi likanitoka, masikio yakavuma, sauti ya mke wangu nikaisikia kwa mbali kama yuko chumba kingine. Kisha nikajikuta sakafuni, uso umelowa maji. Anasema midomo ilikuwa myeupe, macho wazi, mikono ikarukaruka mara tatu nne. Alijaribu kuniinua anikalishe, nikamshinda uzito, ndipo akanimwagia maji. Mama mkwe ameshatoa hukumu kwamba ni kifafa. Kaka yangu anacheka kwamba mwanamume mzima kaangushwa na kidole. Nilipokuwa shule ya msingi niliwahi pia kuanguka baada ya kuchomwa sindano. Ni kifafa, ni moyo, au mimi mwoga tu? Kidole kimevimba na nina nundu kisogoni.

Msomaji, jina tunalo

JIBU

Kaka, pole kwa kidole, na pole zaidi kwa hicho kisogo, maana ndicho kinachonishughulisha. Nitakifikia.

Kaka yako mwache acheke. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakilala chini kwa sababu ya sindano ya ganzi, na wala hawakuwa waoga. Wengine walikuwa wanapiga hadithi mpaka sekunde ya mwisho. Ulichopata ndiyo aina ya kuzimia inayotokea zaidi kuliko zote. Maumivu ya ghafla, kuona damu, hofu, hata kusimama muda mrefu mahali penye joto, vyote vinaweza kuiamsha. Ubongo hutuma amri mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza hupitia neva ya vagasi, ile ndefu inayoshuka kutoka kichwani kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni, na kuuambia moyo upunguze mwendo. Ya pili huilegeza mishipa ya damu, hasa ya miguuni na tumboni, damu ikabaki huko chini. Presha inashuka, na kichwa kilichoko juu kinakosa damu kama bomba la ghorofani linavyokosa maji msukumo ukipungua. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache tu, fahamu zinakatika.

Moyo wako basi ulikuwa unatii amri, haukuchoka. Daktari wa moyo wa Uingereza, Thomas Lewis, alilieleza jambo hili mwaka 1932: mgonjwa akipewa atropini, dawa inayoharakisha mapigo, moyo unarudi mbio, lakini presha inabaki chini kwa sababu mishipa bado imelegea.

Sasa mama mkwe. Kwa heshima zote, kurukaruka mikono hakutoshi kuita kifafa. Mwaka 1994 watafiti nchini Ujerumani waliwazimisha kwa makusudi vijana wenye afya njema huku wakiwarekodi kwa video. Kati ya 42 waliopoteza fahamu kabisa, karibu tisa katika kila kumi viungo vyao vilirukaruka, na macho yao yalikuwa wazi. Kwenye degedege la kifafa mwili kwa kawaida hukakamaa, kisha hutetemeka kwa mpigo mmoja kwa dakika nzima au zaidi, ulimi huumwa pembeni, na mtu akiamka anakuwa ametaharuki muda mrefu, hajui yuko wapi, anataka kulala. Kujikojolea hakusaidii kutofautisha, kwani hutokea kwenye kifafa na kwenye kuzimia kwa kawaida pia. Wewe ulipauka, ulitoka jasho, masikio yalivuma, na nikisoma barua yako naona ulipozinduka uliyatambua maji usoni. Ongeza ile sindano ya utotoni. Maelezo hayo yanaelekea kwenye kuzimia kwa kawaida.

Hebu turudi pale kitandani, kwa sababu hapo ndipo penye funzo lako. Ulipokuwa umekaa ulikuwa salama. Kilichokuangusha ni kuinuka. Tena angalia mazingira: usiku, umetoka usingizini, presha tayari iko chini, kibofu kimejaa, juu yake yakaja maumivu. Hata bila kidole, kuna wanaume wanaozimia wakikojoa wima usiku, ndiyo maana wagonjwa wangu nawaambia wakae kwenye choo wakati huo, na wanaonuna ni wengi.

Siku nyingine ukijiumiza kisha ukasikia jasho jembamba, kichefuchefu, miayo isiyo na usingizi, masikio kuvuma au macho kuingia giza, lala chini papo hapo. Sakafuni, koridoni, popote. Usijikaze ufike kwenye maji wala kwenye kioo. Inua miguu uiegemeze ukutani au kitini. Kama pa kulala hapapo, pishanisha miguu ukiwa umesimama, kaza mapaja na makalio kwa nguvu zako zote, kunja ngumi ukaze na mikono. Misuli inaisukuma damu irudi juu, na mara nyingi unapata nafasi ya kuchuchumaa au kukaa. Hali ikipita, endelea kulala kama dakika kumi, ukae kwanza, ndipo usimame.

Mkeo mwambie nimemsifu kwa kutokimbia, ila asikuinue tena. Mtu aliyezimia akikalishwa, ubongo unaendelea kukosa damu na mikono inaweza kuzidi kurukaruka. Akulaze chali, ainue miguu, alegeze nguo shingoni. Ukitapika au ukikoroma akugeuze ubavu. Maji ya usoni hayana kazi, na asikupe ya kunywa wala kukutia kijiko mdomoni. Kwa kawaida fahamu hurudi kabla ya dakika moja kuisha. Zikipita mbili hujaamka, au hupumui vizuri, aite msaada wa dharura.

Pamoja na hayo, nenda ukapimwe presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na ufanyiwe kipimo cha umeme wa moyo. Ni kipimo cha dakika chache, hakiumi. Mchukue na mkeo, kwa sababu daktari atauliza mambo ambayo wewe hukuyaona. Ningekuharakisha zaidi kama ungeniambia ulizimia ukikimbia au ukiwa umelala, bila dalili yoyote ya kutangulia, moyo ukienda mbio au kifua kikiuma, au kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla angali kijana. Hayo hayasubiri.

Kidole kifunge na jirani yake kwa plasta, uweke pamba katikati, na barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Kikiwa kimepinda, kimekufa ganzi au kina kidonda kinachofika ndani, kipigwe picha. Mwenye kisukari asijifunge mwenyewe, aende kwa mtaalamu.

Na nundu. Huli dawa za kuyeyusha damu, hilo limenipa afueni. Ungekuwa unazitumia ningekuambia uende leo hii hata ukijisikia mzima. Kwako, mkeo akuangalie siku mbili tatu hizi: maumivu ya kichwa yanayozidi badala ya kupungua, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, maneno yanayochanganyika, mkono au mguu kuwa dhaifu, majimaji yasiyo na rangi, kama maji, yakitoka puani au sikioni. Mojawapo likitokea, hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku, na mtu mwingine ndiye aendeshe gari.