Re: Ndoto mbaya zimezidi baada ya tiba ya macho, niache?

Habari ndugu, pole. Nimekuelewa hivi: umefanya vikao viwili vya EMDR, ile tiba ya kiwewe ambapo unasogeza macho huku ukikumbuka tukio, na sasa ndoto za ajali zimezidi. Mimi pia zilinizidi baada ya kikao cha kwanza, zikatulia siku chache baadaye.

Angalia hili kwanza: kabla ya kufuata vidole vya mtaalamu kwa macho, ulifundishwa namna ya kujituliza? Tiba ina hatua 8, na macho huanza kazi hatua ya 4. Mtaalamu wangu alitumia vikao vitatu kwenye maandalizi tu, nikadhani ananipotezea muda, kumbe ndiyo yaliyonibeba. Kama wako aliruka hapo, mwombe arudi nyuma.

Usitarajie kumbukumbu ifutike. Yangu naikumbuka yote, ila moyo haupigi mbio tena. Kwa nini inasaidia, wataalamu bado wanabishana. Maelezo yanayoniingia ni kwamba kukumbuka huku unafuata kitu kwa macho kunaigawa akili, picha inapoteza makali. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba hii mwaka 2013, kwa hiyo si mazingaombwe.

Mweleze mtaalamu wako ndoto hizo kabla ya kikao kijacho. Ukipata mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada leo leo.