Kwa nini fundi mmoja hakutosha Arsenale

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini Arsenale, karakana ya dola ya Venezia ya kuunda merikebu, katika karne ya 16, iliwagawa mafundi wa gali, zile merikebu za makasia, katika vyama mbalimbali, ilhali kwetu fundi mkuu mmoja husimamia jahazi tangu mkuku hadi mlingoti. Jibu langu ni kwamba kila kazi pale ilikuwa na kosa lake la kuangamiza chombo, na kosa hilo hulioni mpaka uwe umelelewa ndani ya kazi hiyo.

Waundaji, marangoni, hawakutegemea mchoro. Walikuwa na kipimo cha ubao chenye mkunjo wa taruma, yaani ubavu wa chombo, la katikati na alama kadhaa. Kila walipokaribia omo au tezi walikisogeza alama moja, na mataruma yakapungua upana taratibu. Ukiruka alama, mbao za ubavuni hazilali. Ukizilazimisha kwa misumari, bahari itazifyatua. Mwaloni ulitoka msitu wa Montello, nao ukitumiwa mbichi hunywea na kuacha mianya.

Kuziba mianya ni kazi ya calafati: kushindilia nyuzi za katani kwa chuma na nyundo ya mti, kisha kupaka lami ya moto. Ugumu wake ni wakati. Gali za akiba zilikaa nchi kavu chini ya mapaa, na chombo kikikalafatiwa mapema mbao hukauka, nyuzi zikalegea. Kwa hiyo kalafati ya mwisho ilingoja amri ya kushusha majini.

Remeri, wachonga makasia, husahauliwa, na wala hawastahili. Gali yenye madawati 24 kila upande, wavutaji 3 kila dawati na kila mmoja na kasia lake, ilitaka makasia 144, mbali na ya akiba. Gogo la mti uitwao faggio walilipasua kwa kabari. Msumeno hauufuati mshipa wa mti, huukata, na kasia la namna hiyo huvunjika likivutwa kwa nguvu. Mshikio walitia madini ya risasi, ili uzito wa upande wa majini usimchoshe mvutaji.

Wasokota kamba walikuwa na jengo lao, Tana, lenye urefu wa mita 316 hivi, maana amari ya nanga husokotwa ikiwa imenyooshwa. Katani za daraja tofauti hazikuchanganywa: uzi dhaifu hukatika kwanza, mzigo wake ukahamia kwa zilizobaki, nazo zikafuata.

Baba yako