Nimestaafu nataka kuchora, watoto wanasema nifuge kuku

Barua ya leo ya mwalimu mstaafu wa Mwanga, Kigoma, nimeifupisha kidogo maana ilikuwa ndefu:

"Shangazi shikamoo. Nimestaafu mwaka jana na miaka 60, nimefundisha sayansi shule ya msingi miaka 34. Nilikuwa nachora ubaoni, moyo, ua, mfumo wa chakula, mpaka walimu wenzangu wananiita nikawachoree darasani kwao. Sa hivi nimenunua rangi na brashi, nikachora mtumbwi, ukatoka kama kiatu. Nimeuficha chini ya kitanda. Watoto wanasema mama fuga kuku, kuchora ni mambo ya chekechea. Mikono nayo asubuhi inakaza. Niache?"

Marahaba mwalimu, ingawa nahisi miaka hatujapishana sana. Hapo kwenye kiatu nimecheka, samahani, nilikuwa nakunywa chai ikapitia puani.

Usiache. Ila kuna kitu nimekiona kwenye barua yako nikarudia kusoma mara mbili. Unasema watoto hawataki uchore, alafu hapohapo unasema picha umeificha, sasa wao wameiona lini? Mama, hao watoto wanasingiziwa tu, aliyekukataza kuchora ni wewe mwenyewe. Miaka 34 umezoea kuwa ndo mwenye kujua, ukikosea ubaoni darasa zima linakuangalia, leo umeshika kitu hukijui ukaona aibu hata ya kitanda.

Na kwanini ulirukia rangi? Mkono wako unajua chaki. Nenda kwa fundi seremala umwombe kipande cha hadbodi, hata kama mkono mmoja hivi kila upande kinatosha, kipige msasa kidogo, pakaa rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili (ya kung'aa chaki inateleza haishiki), ikikauka vizuri chukua chaki ilale ubavu usugue ubao mzima uwe mweupe ndo ufute. Hiyo hatua watu wanairuka, alafu mchoro wa kwanza haufutiki vizuri unabaki kama mzimu. Boksi la chaki za rangi na dasta, basi. Ukikosea unafuta, hakuna cha kuficha wala hela iliyopotea. Ukishachora mtumbwi mara ishirini kwa chaki ndo urudi kwenye brashi, na hiyo brashi izungushie kitambaa kwenye mpini unenepe, mkono unaokaza hauwezi kubana kitu chembamba. Asubuhi uache, chora jioni vidole vimeshachangamka, ila vikivimba au maumivu yakizidi nenda hospitali, mi siyo daktari.

Jioni kwanza ndo penyewe. Shuka Kibirizi pale ufukweni na kiti chako, we unapaona kila siku ndo maana hupaoni. Wale akina mama wanaokusanya dagaa waliokauka, yani angalia mgongo tu, ule mkunjo wa mtu aliyeinama na khanga imejifunga kiunoni, huo mkunjo mmoja uchore wiki nzima. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo maji yanageuka rangi ambayo hata jina sina, alafu taa za wavuvi zinaanza moja moja, huo ndo mchoro wa chaki kabisa, ubao mweusi na vidoti.

Kuhusu kuku. Ukitaka fuga, siwezi kukukataza hela, ila usichanganye biashara na kuchora. Mi nilipoacha kazi nilianza kufuma vitambaa vya makochi, nikawa nafurahi kweli, jirani akaona akasema mbona usiuze, nikapokea oda, mara rangi siyo hii, mara harusi Jumamosi, miezi mitatu mbele nilikuwa nikiona sindano nanuna. Mpaka leo sijafuma tena na inaniuma. Kwaiyo mtu akikuuliza unauza shilingi ngapi, mwambie mwaka huu siuzi.

Na hilo la chekechea waambie Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji wake Dar mwaka 1968 akiwa mtu mzima amepita thelathini, kwenye hadbodi hizohizo na rangi za kupakia baiskeli, na leo aina nzima ya uchoraji inaitwa kwa jina lake. Sisemi na wewe utakuwa yeye, nasema tu siyo chekechea.

Ubao usiuweke chumbani, uweke sebuleni pale kila mtu anapita. Watacheka siku mbili, ya tatu utakuta mjukuu kaongeza samaki.

Na huo mtumbwi utoe chini ya kitanda kabla panya hawajautafuna. Muulize mjukuu ni kiatu cha kulia au cha kushoto.