Mgongo wa baba haukuwa uzee

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, mama ana miaka 66, mgongo unamuuma tangu Ramadhani, na damu kila akipimwa iko chini. Ni sindano gani ilimsaidia mzee wako?"

Nilikaa na simu mkononi. Sindano ndizo zilizotuponza.

Mwaka mzima baba alilia na mgongo. Zahanati ya mtaani wakimchoma diklofenaki, anapata nafuu siku mbili, anarudi, wanamchoma tena. Uzee huo, walisema. Kaka yangu naye: uzee. Baba mdogo akanong'ona kwamba kuna mtu. Damu ikashuka hadi 7, tukamlisha matembele, maini na juisi ya rozela. Siku moja akainama kuokota kandambili, pingili ya mgongo ikavunjika. Kuinama tu! Mimi niliyeambiwa najifanya daktari ndiye niliyegoma kutoka hospitali mpaka wapime kitu zaidi ya malaria na taifodi. Sisemi ili nisifiwe. Haya, labda nasema ili kaka asome.

Jibu likaja: maieloma. Ndani ya uboho wa mifupa kuna seli za plazma, zinazotengeneza kingamwili. Zikigeuka saratani hujazana na kuzisonga zile zinazotengeneza damu. Mifupa huanza kuliwa, kalsiamu yake ikamwagikia kwenye damu, na protini mbovu inayotolewa na seli hizo huziba figo. Kumbe mgongo, upungufu wa damu na miguu kuvimba ulikuwa ugonjwa mmoja! Na diklofenaki yetu ilikuwa inazimalizia figo hizo hizo.

Kwa hiyo usinunue sindano. Mpeleke mama apimwe kalsiamu, figo, na protini za damu na mkojo kwa kipimo kinachozitenganisha. Kile kijiti cha mkojo cha kawaida kinaweza kuipita protini hii. Wakishuku, watachukua uboho kwenye nyonga. Inauma, lakini mruhusu. Watu weusi Marekani huupata ugonjwa huu karibu mara mbili ya weupe, halafu sisi bado tunasema uzee, tunasema karogwa!

Kwa kawaida hauponi kabisa, ila hutulizwa, kwa wengine miaka mingi. Baba yuko kwenye dawa za bortezomibu na deksamethasoni, anatembea na mkanda wa mgongo hadi msikitini. Kaka hajaniomba radhi.

Majibu ya mama usinitumie mimi, dada. Mpelekee daktari wa damu.